Kushoto kwenye Jogoo Mweupe

Inspekta Thirza Oakshott aliitandaza ramani juu ya meza ya jikoni, akaubana ukingo mmoja kwa buli la chai na wa pili kwa kopo la biskuti, kisha akamgeukia mwenye nyumba.

"Haya, Bi Tapsell. Nipangie safari."

"Safari ipi?"

"Ya Jumapili ile. Kuanzia uwanja wa kanisa hadi kwenye chai. Nipangie kana kwamba hujapata kuiandika."

"Nimekwisha kuiandika," alijibu Bi Tapsell. "Niliiandika kwa penseli katika daftari la kijani, maili kwa maili, baada ya kuipita njia nzima mara mbili mwezi wa Agosti kwa gari langu mwenyewe. Daftari hilo nilimkabidhi Meja Dacre mkononi, mlangoni pake, naye akanishukuru. Leo Meja anasema kwamba alinirudishia. Hakunirudishia."

"Hakuna anayesema kwamba unadanganya, Mwalimu," alisema Sajini Pocock kutoka mlangoni.

"Wanasema kwamba nimesahau, Walter. Ni tusi lile lile, ila limevishwa koti. Na usiegemee mlango huo."

Sajini akaacha kuegemea mlango. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu na wajukuu wawili, lakini alimaliza darasa la mwisho mbele ya mama huyu na bado hakuwa ameruhusiwa kutoka.

Euphemia Tapsell alikuwa na umri wa miaka themanini na mmoja, na kwa miaka arobaini na minne alikuwa mwalimu wa shule ya Chipping Aldwell. Alipostaafu alikianzishia kijiji desturi: kila Jumapili ya tatu ya Septemba wenye magari walitoka kuvizungukia vijiji vya kale vya vilimani, na yeye ndiye aliyeipanga njia. Magari yaliachiwa moja moja, kila baada ya dakika tano, yasije yakasongamana katika njia nyembamba zenye kuta za mawe. Kila dereva alipewa karatasi ya maelekezo iliyopigwa chapa na katibu wa chama, Meja Lionel Dacre. Bi Tapsell mwenyewe alitangulia kwa njia ya mkato kwenda kupanga vikombe na skonzi mwisho wa safari. Karatasi hiyo hakuwa na haja nayo, na mwaka huu hakuitia machoni.

Gari la kwanza lilikuwa la Amos Peverell, tarishi mstaafu, aliyekuwa pamoja na mkewe, Dulcie. Ukurasa wa pili wa karatasi uliwaelekeza kwenye kivuko cha Nether Aldwell, mahali ambapo njia inaingia mtoni na kutokea ng'ambo pasipo daraja. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Dulcie alikutwa ameng'ang'ania mizizi ya mti kandokando ya maji. Amos alitolewa akiwa maiti.

Kesho, saa nne asubuhi, mchunguzi wa vifo angeketi na baraza lake. Ripoti ya polisi wa kijiji, iliyokuwa ndani ya mkoba wa Inspekta, ilikuwa imekwisha kuhukumu: "Njia ilipangwa na Bi E. Tapsell, ambaye kwa sababu ya uzee kumbukumbu yake haitegemeki." Kijiji nacho hakikulingoja baraza. Chama cha wanawake kilikuwa kimepata mwamuzi mwingine wa mashindano ya jemu badala yake. Dulcie Peverell alilirudisha shada la maua alilopelekewa, akaliweka juu ya kizingiti cha Bi Tapsell, asibishe hodi.

"Ninaandika," alisema Inspekta, akifungua kalamu.

Bi Tapsell hakuketi. Alisimama mbele ya ramani na wala hakuitazama.

"Ondoka uwanja wa kanisa la Mtakatifu Osyth, mnara uwe mgongoni. Maili mbili na robo, kanisa lenye saa isiyotembea: nyoosha. Maili tatu na nusu, kanisa dogo la Wabatisti lenye mlango wa buluu: shika kulia. Maili tano, Swinbarrow. Simamisha gari uone madirisha. Ufunguo anao Bi Lugg, nyumba ya pili, naye apewe taarifa wiki moja kabla, kwa maana ana mbwa. Maili sita na robo tatu, kanisa lisilo na paa: kushoto."

Inspekta aliinua kichwa. Kidole chake kilikuwa kwenye ramani. "Kushoto? Kushoto kuna shamba la viazi."

Sajini Pocock alijikohoza. Jambo hili ndilo lililokuwa limeandikwa kwenye ripoti: mzee huchanganya kulia na kushoto.

"Ni kulia," alisema Bi Tapsell. "Nilitaka kujua kama unasikiliza au unaandika tu. Yule kijana wenu wa polisi nilimwambia mara tatu hivyo hivyo, naye aliandika viazi mara tatu. Tuendelee."

"Tuendelee, Mwalimu," alisema Inspekta, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kijijini alitabasamu.

"Maili kumi na moja na nusu, kanisa la Wamethodisti la Hasty, la matofali, lenye mwerezi: shika kulia, panda njia ya Hasty hadi juu kilimani, teremkia Aldwell Juu. Mto unauacha chini, huugusi."

"Kwa nini njia ya Hasty? Ni nyembamba na ina mashimo."

"Kwa sababu ni njia ya umma tangu kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, na kwa sababu njia isiyopitwa hufa. Kila mwaka huweka moja ya namna hiyo. Watu huzisahau njia zao, halafu siku moja hukuta zina mwenyewe."

Inspekta alichukua kutoka mkobani karatasi ya maelekezo iliyotolewa mfukoni mwa marehemu. Wino ulikuwa umesambaa, lakini ukurasa wa pili ulisomeka. Akausoma kwa sauti: "'Maili kumi na moja na nusu. Kwenye Jogoo Mweupe shika kushoto. Vuka mto.' Bi Tapsell, Jogoo Mweupe ni nini?"

Midomo ya Bi Tapsell ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Ilikuwa baa."

"Ilikuwa?"

"Ilifungwa mwaka wa hamsini na saba. Sasa ni makazi ya daktari wa meno kutoka London. Palipokuwa na bango amepanda waridi, na kuta amezipaka rangi ya waridi pia, sijui kwa ajili ya adhabu gani."

"Na ungeweza kuliandika jina hilo kama alama ya njia?"

"Inspekta, nilikula kiapo kanisani nikiwa na miaka kumi na mmoja, mbele ya baba yangu, kwamba pombe haitapita midomoni mwangu. Sijaionja. Wala sijapata kumwelekeza kiumbe yeyote kwa mlango wa nyumba inayoiuza. Muulize Walter."

Sajini aliitazama kofia yake. "Alinipa sufuri, afande. Insha ya 'Njia Yangu ya Kuja Shuleni'. Nilitaja baa nne."

"Tano," alisema Bi Tapsell.

Inspekta hakucheka. Aliirudia karatasi iliyolowa, kisha maelezo aliyoandika punde, mstari kwa mstari. Makanisa tu, na hakuna baa hata moja. Akafunga kalamu.

"Haya ni mazoea yako, Mwalimu. Mimi ninayaamini. Baraza halitaamini mazoea mpaka yapate ushahidi. Karatasi za miaka iliyopita ziko wapi?"

"Watu huzitumia kuwashia moto. Labda Daktari Quill. Yeye hatupi kitu. Ni mgeni bado, ana miaka kumi na miwili tu hapa."

*

Daktari Percival Quill aliwakaribisha katika chumba cha kupokelea wagonjwa, akatoa jalada kabla hawajamaliza kumweleza shida yao. Lilikuwa na karatasi za safari kumi na mbili, moja kwa kila mwaka, zote safi. Inspekta aliketi chini ya picha ya mifupa ya binadamu, akazisoma zote. Sajini alihesabu kwa vidole hadi vidole vilipokwisha, kisha akahesabu kwa penseli.

"Makanisa mia moja na tatu, afande. Misalaba ya sokoni saba. Baa moja. Moja tu, ya mwaka huu, ukurasa wa pili."

"Nimeitafuta baa hiyo," alisema Daktari Quill.

Alikuwa amesimama dirishani, akiwapa mgongo.

"Gari langu lilikuwa la pili. Nilifika maili kumi na moja na nusu, nikatafuta bango lenye jogoo. Hapakuwa na bango. Nikarudi nyuma nikidhani nimepitiliza. Nikateremka, nikamuuliza mkulima, naye akaniambia, 'Jogoo Mweupe? Hapo hapo kwenye nyumba ya waridi, kila mtu anajua.' Kila mtu! Wanaelekezana kwa nyumba zilizokufa, halafu wanakushangaa wewe usiyeona mizimu. Nilipofika mtoni, gari la Peverell lilikuwa limelala ubavu na magurudumu hayazunguki tena. Nilikuwa nimepoteza dakika kumi na moja. Mimi ni daktari, Inspekta. Ninajua ni nini kinachoweza kufanywa katika dakika kumi na moja, na ninajua ni nini kisichoweza kufanywa baada yake."

Inspekta aliipindua karatasi iliyolowa ya Peverell.

"Lakini Peverell hakupotea," alisema Inspekta. "Kwa nini yeye alipaona?"

"Alikuwa tarishi," alisema Sajini. "Miaka thelathini na minane alipeleka barua kwenye Jogoo Mweupe. Angepaona akiwa amefumba macho."

"Na mto? Tarishi hakuujua mto?"

Daktari Quill aligeuka. "Aliujua. Hilo ndilo Dulcie analolirudia kila ninapokwenda kumtazama. Alimwambia, 'Amos, maji ni mengi.' Naye akamjibu, 'Mwalimu amekwisha kuyapima.' Akatia gia."

Sajini Pocock aliivaa kofia yake, akaivua tena.

"Amos alikuwa darasa lake la kwanza kabisa," alisema. "Sote tulifunzwa hivyo. Kama Mwalimu ameandika, limekwisha kukaguliwa."

*

Walipitia kivukoni kwanza, kwa sababu Sajini alikuwa na wazo lake. Bango la onyo la mto lilikuwa limekutwa kwenye ua wa miti, limeng'oka. Yeye aliamini kwamba aliyeling'oa ndiye mhalifu. Inspekta alilipindua kwa ncha ya kiatu, akayagusa mashimo ya misumari. Mbao ilimeguka kama keki.

"Uozo wa miaka kumi, Sajini. Hili limeng'olewa na upepo na uvivu wa watu wa barabara. Mwandikie anayehusika barua kali, kisha tusahau."

Walirudi hadi kwenye nyumba ya waridi, wakapita kanisa la matofali lenye mwerezi, na Inspekta akashika kulia, kama alivyoelekezwa jikoni. Njia ya Hasty ilipanda kati ya kuta mbili. Baada ya mwendo wa dakika mbili alikanyaga breki.

Mbele yao palikuwa na lango la mbao. Mbao zake zilikuwa nyeupe bado, na utomvu ulikuwa ukichuruzika kwenye fundo. Lilikuwa na mnyororo, kufuli jipya, na kibao kilichoandikwa: BINAFSI. NDEGE WANALEA. Nyuma yake, kichakani, ndege wa kuwindwa wenye shingo za dhahabu walikuwa wakidonoa nafaka iliyomwagwa kwa ukarimu.

"Bi Tapsell alipita hapa Agosti mara mbili," alisema Inspekta. "Hakutaja lango."

"Halikuwapo, afande. Hii ni njia ya umma. Nilikuja hapa kuchuma zabibu-mwitu na mke wangu kabla hajawa mke wangu."

"Shamba hili ni la nani?"

Sajini alikitazama kibao muda mrefu kupita ilivyohitajika kukisoma.

"La Meja," alisema.

*

Meja Lionel Dacre alimpokea Inspekta peke yake. Sajini alikuwa amebaki garini kwa amri. Chumba kilikuwa na moto, mbwa wawili na taipureta chini ya kifuniko. Meja alikuwa mwanamume mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa ng'ambo ya uwanja.

"Jambo la kusikitisha," alisema. "Bibi mzuri sana. Lakini akili zimechoka. Niliinakili karatasi yake neno kwa neno, kama nilivyomwambia kijana wenu kwa kiapo, nikamrudishia daftari. Nilipaswa kuliona kosa. Hilo nitajilaumu nalo."

"Una huruma, Meja. Lakini sikuja kwa hilo. Nimekuja kuomba msaada." Inspekta aliweka mkoba sakafuni. "Dada yangu atafika Jumamosi kutoka Durham. Anapenda makanisa ya kale. Mimi ninatoka upande wa pili wa jimbo, njia za huku hunipotea. Ningependa kumzungusha kwa gari, Swinbarrow na kuendelea hadi Nether Aldwell. Wanasema hakuna mtu anayezijua njia hizi kama wewe."

"Wanazidisha," alisema Meja, na tayari alikuwa amevuta karatasi yenye jina la nyumba yake. "Makanisa, eh? Tuone. Unatoka hapa, unashuka hadi Kengele Tatu, unashika kulia. Maili tatu hivi, Mbweha na Bukini, unanyoosha. Hapo bia yao ni nzuri, dada yako anakunywa?"

"Kidogo."

"Basi mpumzishe pale. Halafu kwenye Taji unashika kulia tena, utaliona kanisa lisilo na paa, zuri mno. Kisha unakwenda, unakwenda..." Kalamu ilikuwa ikikimbia. "Halafu kwenye Jogoo Mweupe, kushoto, na umefika Nether Aldwell. Lakini kama mvua imenyesha usivuke, zunguka. Haya, chukua. Hata mtoto hapotei."

Inspekta aliipokea karatasi, akaipuliza wino ukauke.

"Meja, niliomba makanisa. Umenipa baa nne."

"Ndivyo watu wanavyoelekezana, Inspekta. Hii ni Uingereza."

"Na hii ya mwisho, Jogoo Mweupe. Nitaijuaje?"

"Ina bango kubwa la..." Meja aliitazama karatasi aliyoiandika. Mbwa mmoja aliinua kichwa. "Ilikuwa na bango. Imefungwa sasa. Ni mazoea tu. Kila mtu hapa hupaita hivyo."

"Kila mtu isipokuwa mmoja."

Alitoa mkobani karatasi moja moja, akazipanga juu ya kifuniko cha taipureta: karatasi kumi na mbili za Daktari Quill, karatasi iliyolowa ya Amos Peverell, na ile iliyoandikwa punde. Kidole chake kilisimama kwenye mstari mmoja, kikaruka kwenye mwingine. Jogoo Mweupe, kushoto. Jogoo Mweupe, kushoto.

"Miaka kumi na miwili, Meja. Makanisa mia moja na tatu, na baa ni hii peke yake. Mwanamke huyu aliapa akiwa na miaka kumi na mmoja asiguse pombe, na hajapata kumwelekeza mtu kwa nyumba inayoiuza. Uliapa kwamba umenakili neno kwa neno. Maneno haya hayakutoka kwenye daftari lake. Yametoka hapa." Akaigonga karatasi yenye jina la nyumba.

"Huwezi kumfunga mtu kwa jina la baa."

"Labda. Lakini naweza kumuuliza kwa nini kuna lango jipya kwenye njia ya Hasty."

Uso wa Meja ulianza kuwiva kuanzia shingoni.

"Magari ishirini na mawili!" alisema. "Ishirini na mawili, msimu wa kuwinda ukikaribia, kwenye njia yangu, ndege wangu wakitawanyika hadi jimbo la pili!"

"Njia yako?"

"Imepita ardhi yangu!"

"Imeitangulia ardhi yako. Nawe ulilijua hilo. Ulijua kwamba yakipita magari ishirini na mawili mbele ya kufuli lako, ifikapo Jumatatu kijiji kizima kitakuwa kimeuliza. Kwa hiyo ukawapeleka mtoni."

"Nilibadili mstari mmoja! Mstari mmoja tu! Kivuko kilikuwa na inchi nne Agosti, mbwa wangu walivuka bila kulowa tumbo. Nilijuaje kwamba mvua itanyesha? Na yule mtu, hakuwa na macho? Si angegeuza gari?"

"Mkewe alimwambia maji ni mengi," alisema Inspekta. Sauti yake haikupanda, lakini mbwa wote wawili waliinuka wakaenda kusimama kwenye kona. "Unajua alimjibu nini? 'Mwalimu amekwisha kuyapima.' Ndiyo sababu hakugeuza, Meja. Uliandika maneno yako chini ya jina la mwanamke ambaye hajapata kumdanganya mtoto hata mmoja wa kijiji hiki, na mtoto wake wa kwanza akayaamini. Kisha ukakaa kimya wiki tatu, ukiwaacha watu waseme kwamba amechoka akili. Ungekaa kimya hata kesho, mbele ya baraza."

Meja aliketi. Moto ulitoa mlio mdogo.

"Daftari liko wapi?" aliuliza Inspekta.

Alidhani atajibiwa kwamba limeteketea. Meja alifungua mtoto wa meza, akatoa daftari la kijani lililofungwa kwa utepe, akaliweka juu ya meza kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitabu cha maktaba.

"Sikuweza kulichoma," alisema. "Si mali yangu. Haingekuwa... haingekuwa uungwana."

Inspekta alilichukua daftari.

"Uliona haya kulichoma daftari la mtu," alisema. "Hukuona haya kumchoma mtu mwenyewe. Sajini!"

*

Saa kumi kasoro robo Inspekta alikuwa tena jikoni mwa Bi Tapsell. Polisi wa kijiji alikuwa akimlinda Meja kituoni, na maelezo ya Meja, yenye sahihi yake, yalikuwa mkobani. Bi Tapsell alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Hakulia wala hakushukuru. Alilifungua daftari, akageuza kurasa hadi ule alioutaka, akalisogeza mbele ya Inspekta. Pembezoni, kwa penseli iliyochongwa vizuri, palikuwa pameandikwa: *Kivuko cha Nether Aldwell: tusipite. Septemba hakiaminiki.*

"Nilikuwa nimekwisha kuyapima," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nionyeshe ripoti utakayoisoma kesho."

Hilo halikuwa jambo la kawaida, lakini Inspekta aliitoa. Bi Tapsell alivaa miwani, akaichukua penseli iliyokuwa dirishani. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasahihisha herufi moja. Kwenye ukurasa wa pili penseli ilisimama.

"'Marehemu alikosea njia.' Nani ameandika hivi?"

"Mimi," alisema Inspekta. "Ni lugha ya kawaida ya ripoti."

"Ni lugha ya kawaida ya uongo. Futa." Aliiweka penseli mezani, mbele ya Inspekta. "Amos hakukosea. Aliyekosea ni yule aliyeandika. Amos alisoma kilichoandikwa, akakitii, kama nilivyomfundisha. Andika hivyo. 'Marehemu alitii.' Na aisome mtu mwenye sauti, Lionel Dacre akiwa amesimama."

Inspekta alifuta, akaandika.

"Dulcie amekwisha kuambiwa?"

"Bado. Nilikuwa nakwenda sasa hivi."

"Nitakwenda mimi." Bi Tapsell alikwisha kuichukua kofia yake ukutani. Alilitia daftari la kijani kwapani. "Walter, utaendesha wewe. Tutapita njia ya Hasty, kisha tuuzunguke mto kwa darajani."

"Mwalimu," alisema Sajini, "pale njia ya Hasty pana lango. Lina mnyororo na kufuli."

Bi Tapsell alimtazama Inspekta. Inspekta aliufunga mkoba wake taratibu, akatazama dirishani, akasema kama anayejisemea, "Kizuizi katika njia ya umma. Polisi anayekikuta ana wajibu wa kukiondoa."

"Umesikia, Walter," alisema Bi Tapsell. "Mkasi wa kukatia chuma uko bandani, nyuma ya ndoo. Ukishauleta, futa miguu."

Walipofika kanisa la matofali lenye mwerezi, Sajini alipunguza mwendo, akangoja kwa mazoea.

"Shika kulia," alisema Mwalimu.